Daftari la Ukumbini

Nyumba ilikuwa Magomeni, Dar es Salaam. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na karo la kufulia. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa na kitu ambacho wenye nyumba wengi mtaani hawakuwa nacho, simu ya mezani. Ilikaa ukumbini juu ya kabati dogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila Ijumaa baada ya Isha binti yake aliyeolewa Muscat alikuwa akipiga. Saa hiyo wapangaji wote tulipunguza redio.

Nasimulia mambo ya mwaka 2002. Mimi nilikuwa karani bandarini, kijana wa miaka ishirini na sita, na katika nyumba ile kompyuta zilikuwa nne. Ya kwangu, ya Mwalimu wa sekondari, chumba cha pili, ya Mzee mmoja mstaafu wa benki, na ya kijana wa chumba cha nne, mtoto wa mama mshonaji, iliyonunuliwa na mjomba wake. Zote mitumba, makasha ya rangi ya krimu iliyogeuka manjano. Mzee alipenda kutukumbusha kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. "Na leo ziko nne kwenye nyumba moja ya kupanga," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Intaneti tulikuwa tukiifuata kwenye kafe, tunalipa kwa saa, tunapanga foleni. Siku moja nikamwendea Bi Mkubwa na wazo: atupe laini yake, tuchange bili sisi wanne, naye asilipe hata senti. Akakubali kwa sharti moja. Ijumaa usiku simu ni ya Muscat.

Kompyuta yangu nikaihamishia ukumbini, pembeni ya kabati la simu. Hiyo ndiyo ilikuwa na modemu, ya kilobiti 56 kwa sekunde, ingawa laini zetu hazikuwahi kuifikisha huko. Fundi wa Kariakoo akaja na waya wa mita nyingi, koleo la kubania na kisanduku chenye matundu manane ambacho yeye alikiita habu. Namkumbuka amechuchumaa mlangoni kwa Mwalimu, anazinyoosha nyaya nane nyembamba kwa kucha ya dole gumba, anazipanga huku anazitaja kama mtoto anayesoma alifu kwa kijiti: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea mbili tu, alisema, taa haiwaki. Waya ukapita juu ya milango, kwenye misumari ileile ya kamba za mapazia.

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu. Windows 98 toleo la pili, lililotoka mwaka 1999, lilikuja na programu ya kugawa intaneti. Ukiiweka kwenye kompyuta yenye modemu, inakuomba disketi tupu, inaandika humo maelekezo ya wenzake. Nikapita na disketi ile chumba hadi chumba. Kompyuta yangu ikachukua anwani 192.168.0.1, nyingine zikafuata na namba zao.

Mzee akataka kujua namba hizo maana yake nini, na jibu nililompa sijapata bora zaidi mpaka leo. Nyumba nzima tulikuwa tukitumia S.L.P. moja, ya marehemu mume wa Bi Mkubwa. Barua zote zilifika kwenye sanduku lile posta, Bi Mkubwa anazileta, anasoma jina, anampelekea mwenyewe chumbani. Kwa posta sisi sote tulikuwa sanduku moja. "Chumba namba nne" kipo katika kila nyumba Magomeni. Huwezi kuandika hivyo tu juu ya bahasha ukategemea ifike. Ndivyo zilivyo namba zinazoanza na 192.168. Zimetengwa kwa matumizi ya ndani, na nyumba nyingine yoyote duniani inaweza kuwa nazo zilezile. Kompyuta ya ukumbini ndiyo iliyotoka nje kwa jina lake yenyewe, ikapokea majibu, ikakumbuka nani kaomba nini, ikamgawia. Kwa nje tulikuwa mtu mmoja.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi na bili itakuja ya mtu mmoja," akasema. Nikadhani anatania.

Ilifanya kazi, lakini polepole. Wimbo mmoja ulichukua robo saa laini ikiwa nzuri, na wakati huo Mwalimu kule chumbani anasubiri mtihani wa zamani ufunguke, mstari kwa mstari. Siku zile hakukuwa na mkonga wa baharini unaofika kwetu. Kinachokwenda nje ya nchi kwa intaneti kilipitia setilaiti, kilomita zaidi ya 35,000 juu, kisha kikashuka. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tunasoma barua pepe tukiwa tumevaa misuli.

Nilifanya mambo mawili niliyojivunia sana. La kwanza, niliipanga kompyuta ya ukumbini ipige simu yenyewe mtu yeyote akiomba ukurasa chumbani kwake, asisumbuke kuja kubonyeza. La pili, Bi Mkubwa alilalamika kwamba mlio wa modemu, ile filimbi na mkwaruzo kama wa mtu anayeburuta bati, unamshtua akiwa kwenye sala. Nikaiandikia modemu amri ya kuinyamazisha, ATM0. Toka siku hiyo ikawa inapiga simu kimya kimya.

Mwezi Oktoba bili ikaja. Ilikuwa mara tatu ya ile ya mwezi uliotangulia.

Tukakaa ukumbini, wanne na Bi Mkubwa. Bili ilikuwa na namba moja ya simu na jumla moja. Haikusema ni chumba gani. Kila mmoja akaapa kwamba matumizi yake ni yaleyale. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua mambo ya kompyuta, nikatakiwa nitoe maoni. Nikamtazama kijana wa chumba cha nne. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, hakuchaguliwa kuendelea, anashinda nyumbani, anapenda muziki. Nikasema, mbele ya watu wazima, kwamba nyimbo ndizo zinazokula dakika, na sote tunamjua anayeshusha nyimbo. Kijana akasema hajashusha wimbo tangu mwezi uanze. Sikumjibu.

Cherehani chumba cha nne ilinyamaza. Mama yake akatoka, akapanda kwenye kigoda, akaung'oa waya kutoka juu ya mlango wake, msumari kwa msumari. Akauzungusha kwenye kiganja na kiwiko kama mtu anayekunja uzi, akafunga fundo, akauweka mlangoni kwangu. Hakusema neno. Wiki tatu zilizofuata tulikutana karoni, nikamwamkia, akaitikia akiangalia ndoo.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia Novemba. Wiki ya pili, usiku, nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Bi Mkubwa, ameamka kuandaa daku, mwiko wa ugali mkononi.

"Mwanangu, taa za kidude chako zinacheza. Na nyie wote si mmelala?"

Nikatoka. Ukumbi ulikuwa giza, na ndani ya giza taa ya kijani ya modemu ilikuwa inapepesa. Nikawasha kioo. Laini ilikuwa wazi tangu saa nane kamili usiku, na sasa ilikuwa saa kumi na robo. Nikazima kompyuta ya Mwalimu, nikazima ya Mzee. Taa ikaendelea kupepesa.

Ilikuwa kompyuta yangu. Nilikuwa nimeiwekea programu ya kuzuia virusi, nakala niliyopewa na rafiki, na ilikuja imepangwa kutafuta orodha mpya kila siku saa nane usiku. Muda wa kuitumia ulikuwa umekwisha. Ikawa inaomba, inakataliwa, inaomba tena, na kwa kuwa haikunyamaza, laini nayo haikukatika. Mimi ndiye niliyeifundisha kupiga simu bila kuuliza mtu, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo isisikike.

Ningeweza kuifuta nikakaa kimya. Nakiri niliwaza hivyo hadi adhana ya alfajiri. Lakini Bi Mkubwa alikuwa ameziona taa.

Jioni ile wakati wa kufuturu, mkeka umetandikwa uani, nikayasema yote. Mama mshonaji alikuwa anamimina uji. Akamaliza kikombe, akaniangalia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Ulimtaja mwanangu mbele ya watu. Leo umejitaja mbele ya watu. Yamekwisha. Kunywa uji."

Bi Mkubwa akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la kaunta, ndugu wa lile aliloandikia kodi zetu. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema. "Mlinieleza waya, mkanieleza namba. Hili hamkunieleza." Akalitoboa tundu pembeni, akalining'iniza kwa utepe wa cherehani juu ya kabati la simu, na kalamu yake. Tukachora safu nne: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, dakika. Nikaondoa ule mpango wa kompyuta kujipigia. Aliyetaka intaneti alikuja ukumbini, akaandika, akabonyeza. Mwisho wa mwezi Mzee wa benki alijumlisha, kila mtu akalipa chake. Kijana wa chumba cha nne akaurudisha waya wake mwenyewe, na ikaonekana kwamba Mwalimu ndiye mtumiaji mkubwa kuliko sote. Alicheka, akalipa.

Tuliendelea hivyo hadi mgao wa umeme wa mwaka 2006, kila mtu alipoanza kutawanyika kivyake. Mkonga wa kwanza wa baharini ukawashwa Julai 2009, na leo mahali pa nyumba ile pana ghorofa. Siku hizi kwangu tuko watano na ruta moja, na karibu kila wiki nasikia swali, "Nani kamaliza bando?" Jibu langu kwa wanangu ni lilelile, na ni hilo ninalompa msomaji: kabla hujamtaja mwenzako, fungua simu yako uone yenyewe inaomba nini ukiwa umelala.

Daftari ninalo bado. Utepe umechakaa, jalada limeliwa na mende. Mstari wa kwanza ukurasa wa kwanza niliuandika usiku uleule wa futari, na deni lake nililimaliza kwa miezi mitatu. Una jina langu, saa nane kamili usiku hadi saa kumi na robo, dakika 135.