Kuandikiana Si Kutoaminiana



Mwaka 2019 familia yetu ya hapa Morogoro ilipanga safari ya treni hadi Kigoma, kumpeleka bibi Ujiji akamwone dada yake aliyekuwa mgonjwa. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka kwetu, chini ya milima ya Uluguru, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000.

Tulikuwa sita: bibi, baba, mama na sisi ndugu watatu. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda 6, na wanaume hutengwa na wanawake isipokuwa familia ichukue chumba kizima. Tulitaka chumba kizima, ili bibi apate wa kumsaidia usiku na mama awe katika sitara. Baba akampa kazi hiyo wakala mmoja wa safari, kijana tuliyemjua tangu utotoni mwake.

Siku ya kulipa, baba alitoa karatasi. Bibi akachukia.

"Mwanangu, huyu amekulia mlangoni kwetu. Kumwandikisha ni kumvunjia heshima."

Baba akajibu kwa upole, "Mama, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kulipa leo kitu utakachopokea mwezi ujao ni deni pia."

Wakaandika: tarehe, chumba kimoja, vitanda 6, na kiasi kilicholipwa. Majirani wawili wakashuhudia.

Wiki moja kabla ya safari, kijana alileta tiketi: nne chumba kimoja, mbili behewa jingine. Akashikilia kuwa ndivyo alivyoagizwa. Kaka yetu akaanza kupandisha sauti. Baba akamnyamazisha, akaleta karatasi. Kijana akasoma, akainamisha kichwa.

"Nimekosea, mzee. Nipeni hadi kesho."

Kesho yake akarudi na chumba kizima. Sisi tukamuuliza, "Na chakula cha njiani?" Tulikuwa na hakika kimo katika malipo. Akasema, "Tusome tena karatasi." Chakula hakikuandikwa. Safari hii wenye makosa tulikuwa sisi. Mama akacheka, akaingia jikoni kupika vitumbua.

Bibi akamwambia kijana, "Kumbe karatasi imekutetea na wewe."

Tulisafiri salama, tukiswali kwa kupunguza na kutafuta kibla kwa dira. Bibi alimkuta dada yake yu hai, wakashikana mikono wakilia. Mwaka uliofuata dada yake alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu wanafunzi, lau si karatasi ile, tungepoteza chumba, na pengine ujirani pia. Mkikopeshana hata kitabu, andikianeni. Kijana yule hadi leo anaingia kwetu bila kubisha hodi mara ya pili.

Wabillahi tawfiq.