Kwa Akinyi, kabla hujachagua kozi

Mpwa wangu Akinyi,

Mamako amenipigia simu kutoka huko Usenge akasema umeamua kusomea ususi, kwa kuwa wasichana wote uliomaliza nao kidato cha nne wameelekea huko. Sina ugomvi na ususi. Ugomvi wangu ni na hiyo "kwa kuwa".

Hapo jirani yenu, Busia, mwaka 2008 watafiti wa uchumi walianza kazi moja inayokuhusu kabisa. Mmoja wao ni Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Waliwachukua vijana zaidi ya 2,000 waliotaka kusomea ufundi, wakapiga kura, wengine wakapata vocha ya karo na wengine wakakosa. Baadhi ya vijana hao walionyeshwa mapema mafundi wa kila kazi wanapata kiasi gani, na kwamba kazi tulizozoea kuziita za wanaume, kama umeme na umekanika, hulipa kuliko ushonaji na ususi. Wasichana waliopewa habari hiyo walivutiwa na kozi hizo kuliko wenzao ambao hawakuambiwa. Yaani wengi walikuwa wanachagua gizani, kama wewe sasa.

Lakini sikufichi: vocha haikuwa dawa. Watafiti hawakuona kipato kikiruka kwa kila aliyeipata. Hapo ndipo nasema sera yetu ya mafunzo ina kasoro ya zamani. Tangu Baraza la Kikristo la Kenya litoe ripoti yake mwaka 1966 kuhusu vijana wanaotoka shuleni bila pa kwenda, vyuo vya ufundi vya vijijini vimeongezeka, na Katiba ya 2010 ikavikabidhi kwa kaunti. Tunahesabu madarasa na wanafunzi. Wanaohesabu waliopata kazi ni wachache mno.

Kazi zenyewe zipo, ila hazikai mahali pamoja. Bandari yetu ya Kisumu iliyolala miaka na miaka imekarabatiwa, na meli ya MV Uhuru II imeundwa papa hapa na Kenya Shipyards wakishirikiana na Damen ya Uholanzi. Wala si jambo geni. Meli ya William Mackinnon iliunganishwa na kushushwa ziwani hapa mwaka 1900, reli haijafika bado. Hata hivyo karakana moja ya meli haiwezi kuajiri vijana wa kaunti zote za ziwa. Tuliwahi kukitegemea kiwanda cha nguo cha KICOMI, kikafungwa. Viwanda vya minofu ya mbuta navyo vilipungukiwa samaki. Kwa hiyo usisomee kiwanda, somea ufundi utakaoweza kuhama nao.

Kuna binti hapa Kibuye anachomelea mageti. Anashusha kinyago, anagusisha rodi kwenye chuma, cheche zinaruka, kisha anagonga gamba kwa nyundo ndogo kuona kama mshono umeshika. Usiposhika anaurudia, mwenye geti akimtazama. Alijifunza kwa fundi wa jua kali, halafu akafanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Chuo hakukanyaga. Simsemi ili uache chuo; namsema kwa sababu mteja haulizi cheti kabla ya kuutingisha mlango.

Sasa fanya hivi. Kabla mamako hajalipa karo popote, nenda chuoni siku ya masomo uombe kuingia karakana. Ukikuta mashine zimefunikwa turubai zina vumbi, aga uondoke. Wakikukaribisha, waulize wanafunzi, si mwalimu, wenzao waliotangulia walifanyia wapi mafunzo kazini na nani aliyewatafutia nafasi. Chuo cha karibu na nyumbani usikidharau pia, nauli imewaachisha wengi masomo.

Ukiyaona yote hayo na bado ukataka ususi, draya nitakununulia mimi. Lakini nijibu upesi, maana KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wakifunga maombi hawamngoji mtu.

Wako,
Mjomba