Alimkimbia Jamaa na Begi Moja, Kumbe Tabia Alizomfundisha Nazo Zilipanda Basi

Kivuko cha Kigongo kilikuwa kimejaa siku hiyo. Ilikuwa mwaka 2023, daraja bado linajengwa, na abiria wa basi la kutoka Mwanza kwenda Ngara walikuwa wanashuka, wanavuka maji kwa kivuko, halafu wanaendelea na safari upande wa Busisi. Mdada mmoja wa miaka 24 alisimama pembeni kabisa, begi moja miguuni, kitenge kimemfunika nusu ya uso. Alikuwa anamtoroka mwanaume aliyeishi naye miaka miwili na nusu. Jamaa yuko kazini, hajui hili wala lile. Funguo za chumba kaziacha kwa mama mwenye nyumba, na saluni alikokuwa anasuka kaaga kwa uongo kwamba nyumbani kuna msiba.

Kivuko kilipoanza kuondoka, mdada akatoa simu. Akajipiga picha, maji yanaonekana nyuma, akaandika chini yake: "Niko kwenye kivuko." Akaituma.

Akamtumia yule yule anayemtoroka.

Usicheke kwanza. Vidole vilifanya kazi kabla akili haijafika. Miaka miwili na nusu huyu dada hakwenda sokoni bila kutuma picha. Akifika dukani, picha. Akikaa saluni, picha, na kiti cha mteja kionekane. Akichelewa dakika kumi, usiku kuna kesi, na kesi za yule jamaa hazikuwa za maneno matupu. Kwa hiyo alipojikuta mahali papya, mkono ukafanya ulichozoea. Simu ya kwanza ikaingia hata katikati ya maji hawajafika. Zilipofika 19 akaizima.

Watu wakisimulia habari za kumuacha mtu wa namna hiyo huwa wanaishia hapo: dada kaondoka, hongera dada, makofi. Lakini unaweza kumuacha mtu asubuhi, ikifika saa nne bado unamuomba ruhusa.

Kwao ni Nyakisasa, Ngara, upande ule unaopakana na Biharamulo. Ukishuka kwenye lami unamalizia na bodaboda, na kama ni kiangazi unafika nyumbani nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Migomba, maharage, kahawa kidogo. Nyumbani wanaongea Kishubi, na mama yake ni mtu asiyeuliza maswali siku ya kwanza. Alimpokea begi, akampa maji ya kuoga, akampakulia.

Mdada akala amesimama, karibu na mlango.

Hilo mama aliliona, akanyamaza. Akaona pia kwamba binti haanzi kula mpaka kila mtu awe ameingia ndani, hata ikiwa saa nne usiku. Akiitwa anaitika kwa kushtuka. Na lile neno "samahani" lilikuwa halimtoki mdomoni. Kikombe kimeanguka, samahani. Mvua imenyesha nguo zikiwa kwenye kamba, samahani. Siku moja mama akashindwa kuvumilia.

"We mwanangu, samahani ya nini? Mimi nimeuliza tu chumvi iko wapi."

"Samahani mama."

Mama akacheka, halafu akaacha kucheka.

Shangazi naye alikuja, kama mashangazi wanavyokuja. Yeye aliona binti kafanya haraka, mwanamke ni kuvumilia, na mwanaume mwenye wivu ndiye anayependa. Mahari jamaa hakuwahi kuleta hata ya mbuzi mmoja, lakini hapo shangazi alipita juu juu. Maneno kama hayo bado yanasemwa kama vile ni sheria, wakati sheria yenyewe inasema vingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Ina zaidi ya miaka hamsini hiyo. Kaka mtu hakubishana na shangazi. Jamaa alipoanza kupiga simu kwa mama, leo analia, kesho anatishia kuja, alimpeleka dada yake polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, vitisho vikaandikwa. Simu kwa mama zikapungua.

Kilichobaki sasa ni mdada na simu yake mwenyewe.

Jamaa alikuwa keshamfungia namba, sawa. Lakini kulikuwa na laini ya pili ambayo jamaa haijui. Kwenye ile laini, mdada alikuwa anaangalia kila siku: jamaa yupo hewani saa ngapi, kaweka stetasi gani, wimbo gani, ile glasi ya pili mezani ni ya nani. Bando la wiki lilikuwa linaisha ndani ya siku mbili. Saa nane usiku, mama akitoka kwenda uani, anaona mwanga wa simu chini ya mlango. Saa nane ndiyo saa ambayo jamaa alikuwa anarudi, na akirudi anataka amkute macho. Mwili ulikuwa bado unamsubiri. Ili alale, mdada akaanza kuonja pombe ya ndizi jioni, mara bilauri moja, mara tatu. Pombe mama aliikata mapema, kwa kumwambia tu anayeuza asimpe. Simu haikukatika hivyo.

Mtu wa nje anauliza: kama alikuwa anapigwa, anamkumbuka kwa nini? Hapa wengi tunakosea. Jamaa hakuwa mbaya kila siku. Angekuwa mbaya kila siku, angeachwa mwezi wa kwanza. Alikuwa mbaya Jumanne, Jumatano kaleta chipsi kuku na kapiga magoti, Alhamisi hajulikani. Nenda kaangalie vijana wanaocheza dubwi pale mtaani. Lingekuwa linakula hela kila mara, wangeondoka. Linawashika kwa sababu mara moja moja linatema sarafu, na hakuna anayejua ni lini. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliliona jambo hilo kwa njiwa miaka mingi iliyopita: njiwa anayepewa punje kwa kubahatisha anaendelea kudonoa muda mrefu hata baada ya punje kukoma, kuliko yule aliyezoea kupewa kila akidonoa. Na mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 walioachwa na wapenzi wao huku bado wanawapenda. Waliwapima ubongo huku wakiwaonyesha picha za hao wapenzi, na sehemu zilizowaka ni pamoja na zile zinazohusika na hamu ya kokeini. Kwa hiyo ukimwambia mtu "si umsahau tu", ujue unamwambia nini.

Kaka akatoa wazo: uza hiyo simu. Wakaiuza, akanunua kiswaswadu, ile ya tochi, chaji inakaa siku tano. Laini ya pili ikavunjwa. Wiki ya kwanza mdada alikuwa anaingiza mkono mfukoni kila baada ya muda, anatoa kiswaswadu, anakitazama, anakirudisha. Hakina cha kuonyesha. Majirani wakamuuliza kama anasubiri simu ya kazi.

Halafu akarudi nyuma. Ilikuwa mwezi wa pili tangu afike. Alikwenda dukani, akaazima simu ya mtu, akamtafuta jamaa kwenye mtandao, akamkuta na mwanamke mwingine, wamekaa kwenye sofa ambalo mdada ndiye aliyelichangia nusu ya hela. Usiku ule alipiga simu. Jamaa akapokea kwa sauti ile ya Jumatano. Yule mwanamke ni ndugu tu. Rudi, tuyamalize.

Asubuhi, mama yuko shamba, mdada akapanda bodaboda na lile lile begi. Alitoka mpaka Benaco, pale malori ya Rusumo yanapopumzika. Akampigia jamaa kumwambia amefika barabarani, anatafuta usafiri.

"Nitumie picha."

Hana simu ya picha. Akaeleza. Jamaa hakuamini, sauti ikabadilika, ikawa ya Jumanne. Uko na dereva gani? Nani kakufundisha kunidanganya? Akakata.

Sasa mtazame mtu mzima, jua la saa sita, anazunguka katikati ya malori anatafuta wa kumpiga picha. Akamkuta binti anauza karanga na mayai ya kuchemsha, ana simu nzuri. Akamuomba: nipige picha, lori lionekane, namba hii hapa mtumie, bando nitakulipa.

Binti akamtazama. "Ya nini?"

"Kuna mtu anataka ahakikishe niko hapa."

"Ni askari?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kweli kabisa, kwa sababu kwa akili yake ya biashara, mtu anayetaka ushahidi wa picha kwamba uko Benaco lazima awe askari, au mtu unayedaiwa naye. Mdada akafungua mdomo aseme "ni mpenzi wangu" na neno halikutoka. Alikaa kwenye ndoo ya yule binti karibu saa nzima. Alikula mayai mawili, ameketi. Jamaa alipiga mara sita, kiswaswadu kikalia mpaka kikanyamaza. Jioni alikuwa Nyakisasa. Mama alikuta begi limerudi mahali pake na ugali uko jikoni, akauliza tu mboga ni ipi.

Mitandaoni utaambiwa tabia inavunjwa kwa siku 21. Hiyo namba chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 kuzoea sura mpya. Lile neno "walau" watu wakalimeza. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walipofuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, wastani ulikuwa siku 66, na kwa makadirio yao wengine siku 18, wengine mpaka 254. Na wale walikuwa wanazoea vitu kama kunywa maji na kufanya mazoezi! Hakuna aliyekuwa anazoea kutomuogopa mtu.

Utafiti huo una kitu kingine cha faraja: kuruka siku moja hakukuharibu kazi yote. Safari ya Benaco haikumrudisha mdada kwenye siku ya kwanza, ingawa yeye wiki nzima aliamini hivyo na alikuwa anajitukana kwa maneno ya jamaa, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hiyo nayo ni tabia, na ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Jamaa hayupo, lakini kazi yake ya kutukana kamuachia mhusika mwenyewe aiendeleze.

Kilichomsaidia si mawaidha. Ni nywele. Msichana wa jirani alikuja na rasta pakiti tatu, kesho ana sherehe, akaomba asukwe. Mdada hakuwa amegusa kichwa cha mtu tangu Mwanza. Wakakaa chini ya mparachichi kuanzia asubuhi, na ikafika saa tisa hajagusa kiswaswadu hata mara moja. Vidole vile vile vilivyokuwa vinatuma picha vilikuwa na kazi. Wiki iliyofuata wakaja wawili. Kisha wanafunzi wakaanza kuja Jumamosi kusuka twende kilioni, kwa bei ya maelewano, wengine wanalipa kwa maharage. Na ukikaa na kichwa cha mtu magotini mwako saa tano, mnaongea. Wapo waliosimulia ya kwao bila kuulizwa.

"Samahani" aliipunguza kwa ujanja wa mama. Kila akiisema bila kosa, mama anamuuliza: "Umefanya nini?" Basi, hivyo tu. Inabidi ajibu, na akikosa jibu wanacheka wote. Ilichukua miezi. Mpaka leo mteja akilalamika kwamba umemkaza sana, neno linamtoka mara tatu mfululizo.

Kulala ndiyo ilikuwa ya mwisho. Saa nane ikifika macho yanafunguka yenyewe, simu haipo, jamaa hayupo, jogoo bado. Aliacha kupambana nayo, akawa anaamka anakunywa maji anarudi kitandani. Akaja kugundua siku nyingi baadaye kwamba kuna usiku umepita hakuamka, na hakuwa ameuhesabu.

Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya ziwa. Mwezi uliofuata mdada alipanda basi kwenda Mwanza kununua rasta na mafuta ya nywele kwa bei ya jumla kule Makoroboi. Binamu yake alimsindikiza, maana Mwanza ni Mwanza na jamaa bado anaishi huko. Alikuwa na simu mpya, safari hii ya picha, aliyoinunua kwa hela ya kusuka. Wadogo zake walimsisitiza awapigie picha za daraja, akaahidi, akachagua kiti cha dirishani kabisa.

Baada ya Geita usingizi ukampitia. Binamu alimgusa bega basi likiwa linaingia Nyegezi.

"Daraja liko wapi?"

"Tumelipita zamani. Ulikuwa unakoroma."