Picha 720 za Dakika Moja

Ukiwatajia wazazi wengi habari za katuni, hufikiria mtoto aliyekodoa macho mbele ya runinga huku kazi ya shule ikimngoja. Shemeji yangu wa hapa Yamumbi ni mmoja wao. Gredi ya 10 ilipoanza nchini Januari 2026, bintiye alichagua mkondo wa sanaa na michezo ili asomee filamu. Baba mtu alitaka udaktari. Nyumba ikawa baridi kama Eldoret ya Julai.

Nimemtazama mpwa wangu huyo akifanya kazi. Husogeza punje ya mahindi mezani kidogo tu, akapiga picha kwa simu ya mamake, kisha akaisogeza tena. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Yeye hupiga 12, kila moja ikaonekana mara mbili. Dakika moja, ewe msomaji, ni picha 720! Mwanzoni alipiga mchana, jua likihama mwanga ukawa unarukaruka, akafuta zote. Sasa hufunga pazia na kuwasha taa. Kila tukio hulichora kwanza daftarini, kama walivyofunzwa darasani. Na huyu ndiye msichana aliyekuwa akitupa ufumaji baada ya safu tatu!

Na ajira je? Nilimweleza shemeji kwamba Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa Uingereza kuanzia 2010, ilitengenezewa Nairobi. Akauliza walilipwa ngapi.

Juzi nilimkuta yeye ndiye ameshika taa. "Hiyo punje umeisogeza mno," alimwambia bintiye. Kuhusu udaktari, bado hajanyamaza.