Nani Hawa Pichani? Safari ya Kuitafuta Homa Bay na Migori ya Zamani

Ukitaka kuijua Homa Bay ya zamani usihangaike kwanza na vitabu. Nenda ukakaribishwe katika sebule ya mtu mzima, uketi, upewe chai, kisha uinue macho. Juu ya viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma, karibu kabisa na dari, utaziona zimepangwa: picha katika fremu, zimeinamishwa mbele kidogo kana kwamba waliomo wanamchungulia mgeni. Huyu amevaa suti ya kuazima. Yule amekumbatia redio ambayo si yake. Na yule wa pembeni kabisa, aliyekatwa bega na ukingo wa fremu, hakuna tena mtu nyumbani anayejua ni nani.

Ni huyo wa pembeni aliyenitoa Nairobi. Nilitaka kuona ni picha ngapi za kale zingali zipo katika sehemu zile tulizoziita Nyanza Kusini, na muhimu zaidi, ni nani angali anaweza kuzisoma.

Ukitoka Kisumu, barabara ya Katito hukufikisha Kendu Bay, na ghuba la Winam likiwa mkono wako wa kulia. Usipite mji huu mbio. Hapa kulikuwa na gati, maduka ya Wahindi yenye baraza pana, na Waislamu waliojenga msikiti mzuri ambao bado ni fahari ya mji. Karibu tu, huko Gendia, wamisionari wa Kiadventista walifika mwaka wa 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, raia wa Kanada, aliyefuatana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Gendia ilipata shule, kanisa na mtambo wa kuchapisha vitabu. Mahali penye shule na kanisa hapakosi kamera. Ndiyo maana familia nyingi za Karachuonyo zina picha za kale kuliko majirani wao wa bara: wanafunzi waliovaa nguo nyeupe, wamepangwa safu tatu, wa mbele wamekaa chini wamekunja miguu, na hakuna hata mmoja anayetabasamu.

Watoto wa siku hizi hushangaa kwa nini watu wa zamani walinuna hivyo. Hawakununa. Kupigwa picha lilikuwa jambo zito, tena la gharama. Mtu alioga, akajipaka mafuta, akatembea mwendo mrefu, na akikohoa wakati kamera inafunguka pesa zake zimekwenda na maji.

Kutoka Kendu Bay hadi Homa Bay si mbali. Kabla hujaona mji utauona mlima Asego, ule wenye umbo la pia iliyopinduliwa. Ukumbuke mlima huo, kwa sababu ndio ufunguo wa kila picha ya Homa Bay. Nyumba zimejengwa na kubomolewa, miti imekatwa, lakini Asego haukuhama. Mzee mmoja mstaafu wa kazi za bandarini alinifundisha namna ya kuusoma. Alishika picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, akaigeuza huku na huku, akasema, "Wuoda, mlima uko nyuma ya bega la kushoto. Basi huyu alisimama gatini, na uso wake umeelekea ziwani." Baadaye akatazama maji na kuongeza, "Na hii ni kabla ya ziwa kupanda."

Hapo alinichosha akili, mpaka aliponieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili. Mashamba ya pwani yalimezwa na watu wakahama. Picha inayoonyesha ufuo mpana mahali ambapo baadaye palikuwa na maji ni ya kabla ya mvua hizo, hata kama nyuma yake hapakuandikwa mwaka. Ziwa lilifanya hivyo tena mwaka wa 2020, likavunja rekodi ile ya zamani. Anayepiga picha gatini leo bila kuandika tarehe anawatayarishia wajukuu wake fumbo lile lile.

Gati hili ndilo lililoifanya Homa Bay. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na kutoka hapo mizigo na abiria wa Nyanza Kusini walichukuliwa na meli za reli. Wazee wanaziita stima. Watakutajia Rusinga na Usoga kama mtu anavyotaja shangazi zake, meli mbili zilizoundwa Scotland kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikaletwa vipande vipande na kuungwa Kisumu. Stima ilichukua pamba, mahindi na samaki, ikaleta sukari, mabati, barua na vijana waliotoka kufanya kazi mjini. Mpiga picha mwerevu alijua siku ya stima. Kijana anayeshuka na sanduku jipya hakatai kupigwa picha.

Barabara zilipotengenezwa, stima zikakosa kazi. Kisha katika miaka ya 1990 gugumaji lilifunika ghuba hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Mwenye picha ya gati la Homa Bay likiwa kijani kibichi kama uwanja wa mpira aitunze. Watoto wake watadhani ni uongo.

Lakini turudi studioni, maana huko ndiko picha nyingi zilikotoka. Studio ya mji mdogo ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa. Nimeona pazia lenye ndege, jingine lenye nyumba ya ghorofa na ngazi, na moja lenye minazi na bahari, sijui ya wapi, kwani Homa Bay haina minazi wala chumvi. Kulikuwa na koti la kuazima, tai iliyokwisha fungwa tayari, saa ya mkono isiyotembea, na ua la plastiki. Miaka ya 1970 ikaleta suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na vijana wakasimama mguu mmoja mbele kama wanamuziki wa bendi za benga waliowaona jukwaani.

Na akina mama? Hapa, msomaji, nilijifunza jambo ambalo sikulifikiria. Kwa bikizee wengi niliowauliza, picha yao ya kwanza maishani haikuwa ya harusi wala ya sherehe. Ilikuwa ya kitambulisho. Wanaume walianza kubebeshwa kipande na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Kwanza, lakini wanawake wa Kenya hawakuandikishwa kupata vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi kuna bibi aliyezaa, akalea, akapata wajukuu, na uso wake ukapigwa kwa mara ya kwanza mbele ya kitambaa cheupe, kwa amri ya serikali. Ndiyo picha hiyo hiyo ndogo inayokuja kukuzwa siku ya matanga, ikawekwa mbele ya jeneza. Ukiona picha ya marehemu imekuwa kama ukungu, usidhani mpiga picha hakujua kazi. Imevutwa kutoka ukubwa wa stempu.

Tatizo jingine la picha za akina mama ni majina. Katika desturi ya Kijaluo mke huitwa kwa kwao: Nyar Kanyamwa, Nyar Karachuonyo, Nyar Gem, yaani binti wa mahali fulani. Ni jina la heshima. Lakini nyuma ya picha likiandikwa hilo peke yake, baada ya miaka hamsini utakuta boma lenye akina Nyar Kanyamwa watatu, na picha moja.

Picha za wageni zina kasoro yake. C. W. Hobley, afisa wa kikoloni aliyefanya kazi Nyanza tangu karne iliyopita haijaanza, alipiga picha. E. E. Evans-Pritchard, mtaalamu wa Uingereza, alikuja kuwachunguza Wajaluo mwaka wa 1936, naye akapiga nyingi. Picha zao zimetunzwa vizuri katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford, mbali na mchwa na moshi wa jikoni. Lakini katika picha za enzi hiyo mara nyingi utapata jina la aliyepiga, mahali na kabila. Jina la aliyepigwa halipo. Mwaka wa 2007 baadhi yake zilirudishwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale. Zilitundikwa mbele ya wananchi wenyewe, badala ya kungoja wananchi waende Oxford. Kwa maoni yangu hilo lingefanywa kila mwaka, katika kila soko.

Ukipata nafasi vuka hadi kisiwa cha Rusinga, ambako daraja la Mbita limeondoa haja ya kungoja feri. Huko amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na katika jumba la kaburi lake kuna picha za maisha yake. Mboya ni miongoni mwa Wakenya waliopigwa picha sana katika enzi yake. Utakumbuka wale wanafunzi 81 waliopanda ndege kwenda Marekani mwaka wa 1959 kwa juhudi zake na wenzake. Kuna familia zenye picha ya kijana wao akiaga siku zile za safari za ndege. Lakini hata jirani wa mtu mashuhuri hivyo, fundi au mvuvi wa Rusinga aliyeishi siku zile zile, huenda hakuacha picha hata moja.

Migori ni habari tofauti. Unapita Rongo, unapita Awendo penye miwa na kiwanda cha sukari, ndipo unashuka hadi Mto Migori. Mji huu haukuzaliwa na stima. Ulizaliwa na barabara iendayo Isebania na Tanzania, pamoja na daraja la mto. Wazee bado wanauita Suna. Ulipofanywa makao makuu ya wilaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, majengo yalichipuka haraka kuliko kamera. Ukiuliza picha ya barabara kuu ya zamani unaonyeshwa picha ya harusi ambayo nyuma yake, kwa bahati tu, linaonekana duka la mabati. Basi usidharau picha ya harusi. Tazama nyuma ya bibi harusi.

Magharibi mwa Migori, katika Nyatike, ndiko kuliko Macalder. Hapo palichimbwa dhahabu na shaba na kampuni ya Wazungu hadi mgodi ulipofungwa mwaka wa 1966. Leo wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu kwa sururu na karai, na baadhi yao hufa mashimo yanapobomoka. Lakini siku za kampuni palikuwa kama mji: nyumba za wafanyakazi, king'ora cha zamu, na watu waliotoka pande zote.

Katika nyumba moja ya eneo hilo mama mjane wa miaka themanini na zaidi alinitolea picha iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Wanaume saba mbele ya mlango wa mgodi, wamevaa kofia ngumu, mmoja ameshika taa. Mchwa wamekula kona ya chini. Wa katikati ni mumewe. Aliniwekea kidole juu ya kila uso. Mjaluo wa Kadem. Mkuria, aliyekuwa akiimba. Mmaragoli, ambaye watoto wake bado wanalima huko Suna. Hao wanne aliwataja kwa majina yao yote. Wengine watatu hakuwajua. "Nyathina," aliniambia, "mzee wangu alikuwa akiwataja kila mara. Nilidhani sitasahau."

Tuligeuza picha. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio uliofifia na namba ya kuagizia nakala, basi. Studio yenyewe ilikwisha fungwa na negativu zake zilichomwa pamoja na takataka, kama ilivyo kwa studio nyingi.

Nikampigia picha hiyo kwa simu, nikaandika majina manne nyuma kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya ukaharibu uso wa mbele, na karatasi za plastiki za albamu hushikana na picha wakati wa joto. Heri bahasha ya karatasi kavu. Wewe unayekwenda nyumbani Desemba, beba penseli. Mwombe bibi akuambie jina lake la kuzaliwa, la kwao, la babake, na mwaka kama anaukumbuka. Kama haukumbuki, muulize ilikuwa kabla ya ziwa kupanda au baadaye.

Kuhusu wale watatu: mmoja ni mrefu kuliko wenzake, ana pengo la meno ya chini na ameegemea koleo. Wa pili ana kovu juu ya jicho la kulia. Wa tatu ni kijana sana, labda wa miaka kumi na saba, na kofia yake ni kubwa mno kwa kichwa chake. Walifanya kazi Macalder kabla ya 1966. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa akisimulia mgodi huo, mwulize.