Lamu: Chumba Ndicho Kichaguacho Kiti

Katika mji mkongwe wa Lamu, nchini Kenya, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa kawaida hauzidi mita 3. Zidaka za ukutani hushika sahani za kaure, na kiti cha enzi cha mpingo, kilichosukwa kwa ugwe, kiliwekewa mgeni wa heshima.

Mwenye kiti cha kale asikiuze ili anunue makochi mapana: yataziba njia, na kiti kilichokwenda hakirudi. Asiyekuwa nacho na amwendee fundi. Mafundi wa Lamu wangali wakichonga vipya kwa mtindo ule ule. La kwanza ni kupima chumba, ndipo mfuko ufunguliwe.