Beijing: Ingia kwanza, kisha funga mlango

Ukibahatika kufika Beijing, msomaji mpenzi, usilale hadi jua liwe la utosi. Amka mapema uende Tiantan, bustani ya Hekalu la Mbinguni lililojengwa mwaka 1420. Utawakuta wazee waliostaafu wakicheza karata, wakiimba na kunyoosha viungo. Wapite polepole hadi umwone mzee aliyeshika brashi ndefu kama mpini wa ufagio, na ndoo kando yake. Anaandika juu ya sakafu ya mawe, tena kwa maji matupu! Kabla hajamaliza mstari wa pili, herufi za kwanza zimekwisha kukauka.

Mimi nilipelekwa huko na mpwa wangu anayesomea uhandisi. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Lau angeanguka mtihani, ufadhili ungekatika naye angerudi kwa mama yake, ambaye nauli ya mwanawe ilitoka kwa harambee ya ukoo mzima.

Mzee alinipa brashi. Mpwa wangu akanionyesha herufi ya “nchi”, isomwayo guo, ambayo ni kisanduku chenye vitu ndani. Nikachora kisanduku kizima, kisha nikaanza kukijaza. Mzee akacheka hadi akashika kiuno. “Anasema umefunga mlango, Mjomba,” akanifasiria kijana. “Sasa watu wataingilia wapi?”

Huenda ukauliza, kuna ubaya gani mradi sura inafanana? Nami niliuliza vivyo hivyo.

“Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nachora, siandiki,” akanijibu. Mwalimu aliposoma imla, wenzake walikuwa neno la tano, yeye angali la pili. Usiku hakulala kwa hofu ya mtihani. Ndipo akaanza upya na daftari la miraba, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hebu chukua kalamu ujaribu. Namba tatu ni mistari mitatu ya kulala: anza juu ushuke. Kumi ni kama msalaba: tangulia wa kulala, kisha wa kusimama. Mtu ni miguu miwili iliyopanuliwa: kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Neno “ndogo” lina mstari wa kati na vijistari viwili ubavuni: wa kati hutangulia. Na guo je? Piga pande tatu, weka yaliyomo, kisha funga kwa mstari wa chini.

Utaratibu huu si ukaidi wa walimu. Orodha ya herufi za kawaida iliyotolewa China mwaka 1988 ina herufi 3,500. Kichwa peke yake hakiwezi kuzibeba zote. Mkono nao lazima ukumbuke, na mkono hukumbuka kile unachokirudia kwa njia moja. Isitoshe, kamusi nyingi hukutaka uhesabu mistari. Herufi ya “kinywa” ni kisanduku kitupu, lakini ina mistari 3, kwa sababu upande wa juu na wa kulia hupigwa kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu. Ukihesabu 4, utaitafuta kutwa usiipate. Na Mchina anapoandika haraka, mistari hushikana. Asiyejua ipi hutangulia huona nyuzi zilizotatizana tu.

Mpwa wangu alipita mtihani. Sasa, akipokea barua iliyoandikwa mbiombio, huisoma bila kuomba msaada.

Kabla ya kuondoka, tembelea mtaa wa Liulichang, maarufu kwa brashi, wino na karatasi za kuandikia. Na kama nauli ya Beijing ni ndoto, usife moyo. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika.

Siku ya mwisho nilirudi Tiantan. Yule mzee aliponiona tu, akaninyoshea brashi. Nikapiga pande tatu, nikaweka yaliyomo, nikafunga. Akaitazama, akatikisa kichwa kukubali, nayo ikakauka. Waama, mwanzo kokochi mwisho nazi.